Finya Kidole, Tazama Uso

SWALI: Shikamoo daktari. Paka wangu Simba aligongwa na boda boda hapa Kondele juzi jioni. Miguu ya nyuma anaiburuta, na mkojo unamtoka hata akiwa amelala. Nikimfinya kidole cha nyuma, mguu unajivuta, kwa hivyo sijakata tamaa. Mwanangu ananiambia watafiti siku hizi wanatibu mgongo wa paka kupitia kitundu tu, bila kumpasua. Simba anaweza kufanyiwa? Na kwa maumivu, nimpe Panadol?
Mama Simba, Kisumu

JIBU: Marahaba, Mama Simba. Naanza na la mwisho maana halingoji. Panadol usimpe, hata robo kidonge. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo. Damu yake hugeuka rangi ya kahawia, ikashindwa kubeba hewa, akafa.

Sasa huo mguu. Nikiwa mwanafunzi wa udaktari wa mifugo kule Kabete nilimfinya paka aliyegongwa, mguu ukaruka, nami nikamkimbilia mwenye paka na habari njema. Mwalimu wangu akaniuliza, "Mguu umeuona. Uso je?" Uso sikuwa nimeutazama. Paka mwenyewe alikuwa ametulia, anamwangalia inzi dirishani. Nilitamani sakafu inimeze.

Ugwe wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo unajua kuuvuta mguu bila kuuliza ubongo. Mwanasayansi Mwingereza Charles Sherrington, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1932, alichunguza mambo haya kwa paka miaka mingi. Naye Thomas Graham Brown alionyesha mwaka 1911 kwamba ugwe uliotenganishwa na ubongo bado unaweza kuichezesha miguu kama inayotembea. Kwa hivyo mfinye tena, ila macho yawe usoni. Akigeuka, akilia au akikurukia kukuuma, shukuru: habari imefika kichwani.

Kuhusu kitundu, mwanao hakudanganywa. Daktari hupitisha sindano au mrija mwembamba katikati ya misuli, akiongozwa na picha za eksirei au kamera ndogo, akakiondoa kinachoubana ugwe. Misuli haichanwi sana na kidonda ni kidogo. Lakini kitundu hakiungi ugwe uliokatika, wala hakishiki pingili za mgongo zilizoteguka, na aliyegongwa mara nyingi shida yake ndiyo hiyo. Isitoshe, mgongo wa paka si wetu uliofupishwa. Pingili zake za kiuno ni 7, zetu 5. Ugwe wetu huishia sehemu ya juu ya kiuno. Wake huteremka hadi karibu na nyonga. Pale ambapo sindano ingepita salama kwa binadamu, kwa paka inaweza kuuchoma ugwe wenyewe.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni huo mkojo. Huenda si kukojoa. Huenda kibofu kimejaa kikafurika, kama mtungi uliosahaulika chini ya mfereji. Kinatakiwa kukamuliwa kwa mkono mara kadhaa kwa siku, na daktari wa mifugo akuonyeshe kwanza, kwani ukikibonyeza ovyo kinaweza kupasuka. Mpeleke leo. Mlaze juu ya ubao au ndani ya katoni, usimnyanyue kwa kwapa. Apigwe eksirei, na mkia wake pia uchunguzwe.

Kisha uniandikie kama alikuuma.