Kabla Hujaandika Barua ya Kuomba Mnara

Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwasaidia wenyeviti wa vijiji, viongozi wa BMU (vikundi vya wavuvi vinavyosimamia uvuvi ufukweni) na mawakala wa fedha wa Ukerewe na mwambao wa Sengerema, kwenye Ziwa Victoria, kuandaa barua zinazohusu mawasiliano. Karibu wote huanza kwa ombi moja: tumwandikie Mheshimiwa Waziri. Ninawaelewa, kwa sababu waziri ndiye wanayemwona kwenye televisheni na ndiye anayeahidi akifika ziarani. Lakini tangu wizara ya mawasiliano ilipoundwa Desemba 2020 hadi Julai 2024, kiti hicho kilikaliwa na watu wanne: Dkt. Faustine Ndugulile, Dkt. Ashatu Kijaji, Nape Nnauye na Jerry Silaa. Barua iliyotajwa jina la mmoja iliweza kabisa kumkuta mwingine ofisini. Wanaobaki muda mrefu zaidi ni wahandisi, wachumi na maafisa sheria wanaoandaa madokezo, rasimu za kanuni na orodha za miradi ambazo waziri huzisoma baadaye. Ushauri wangu wote umejengwa juu ya hilo: barua ielekeze kwa cheo, lakini iandike kwa ajili ya mtumishi anayejaza jedwali, na umpe kitu anachoweza kukiingiza kwenye jedwali hilo bila kulazimika kuvuka ziwa.

Ili ufanye hivyo, ni lazima ujue nani anaamua nini. Wizara hutunga sera, kama ile Sera ya Taifa ya TEHAMA ya 2016, na waziri husaini kanuni zinazotokana na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2003, hutoa leseni, hugawa masafa na hupima ubora wa huduma. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, uliotokana na sheria ya 2006, hutoa ruzuku ili kampuni zijenge mahali ambapo biashara peke yake isingewapeleka. TTCL, shirika la simu la serikali, husimamia Mkongo wa Taifa, yaani nyaya kuu zinazobeba data nchini. Halmashauri hutoa kibali cha ujenzi, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, huangalia mazingira. Mtu anayeipelekea TCRA ombi la mnara mpya, au anayeipelekea UCSAF malalamiko ya salio lililokatwa, anampa afisa kazi ya kuhamisha barua tu, na barua inayohamishwa husubiri kila inapofika.

Nimeshuhudia hasara ya kukosea mlango mwaka 2021, tozo ya miamala ya simu ilipoanza. Mawakala wengi wa hapa Mwanza waliwalaumu watu wa mawasiliano, ilhali tozo ile ilitoka kwenye sheria za bajeti, upande wa Hazina. Ilipopunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo huo, ni kwa sababu kelele za nchi nzima zilifika kwa waliokuwa na uwezo wa kuipunguza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona linawaumiza zaidi watu wa visiwani. Mei 2023, jijini Dodoma, UCSAF na kampuni za simu walisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Ni mradi mkubwa na wa maana. Lakini tazama kipimo kilichotumika: kata. Kwa wilaya nyingi za bara kipimo hicho kinatosha, kwa kuwa kata ni eneo moja linaloshikana. Ukerewe ni wilaya inayohesabiwa kuwa na visiwa 38, na humo kata moja inaweza kuwa na kisiwa kikubwa, visiwa vidogo viwili vitatu na kambi za wavuvi zilizotawanyika, na katikati yake vilima vya mawe vinavyozuia mawimbi. Mnara ukisimama upande mmoja, kata nzima inaweza kusomeka kwenye orodha kwamba imefikiwa, huku mwalo, yaani mahali mitumbwi inaposhusha samaki, ulio upande wa pili wa kilima ukiwa hauna hata alama moja ya mtandao. Afisa aliyeko Dodoma hadanganyi anaposema kata yenu ina mnara. Anasoma kilichoandikwa.

Kwa hiyo usiandike kamwe kwamba kata yetu haina mtandao. Afisa atafungua orodha yake, ataona mnara, na jalada litafungwa siku hiyo hiyo. Anza kwa kukiri mnara uliopo, taja mahali ulipo, kisha taja kijiji, kitongoji na mwalo usiofikiwa, pamoja na latitudo na longitudo zake, ambazo ramani ya simu yako inakupa ukigusa mahali uliposimama. Eleza kilichopo katikati: kilima, maji, au umbali. Maelezo ya namna hiyo yanamwezesha mtumishi kuandika dokezo linalosema kwamba sehemu ya kata haijafikiwa, na hapo ndipo mkubwa wake anapata la kuuliza.

Kipimo cha pili kinachotuponyoka ni idadi ya watu. Takwimu za mawasiliano mara nyingi hutaja asilimia ya watu waliofikiwa, na watu huhesabiwa mahali wanapolala. Sensa ya 2022 iliuliza nani alilala wapi usiku wa kuamkia 23 Agosti. Mvuvi wa dagaa, hata akihesabiwa vizuri kabisa, huhesabiwa nyumbani au mwaloni, wala si pale anapowasha taa zake majini katika usiku wa giza. Ziwa lenyewe halina mkazi, hivyo katika hesabu hizo halidai mtandao wowote. Baada ya ajali ya kivuko cha MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, sidhani kama kuna mtu wa huku anayehitaji kuelezwa kwa nini simu ishike hadi majini. Anayehitaji kuelezwa ni mtumishi mwenye jedwali, na njia bora ni kumpa hesabu iliyotokana na chombo kinachotambulika. BMU ina daftari la mitumbwi na wavuvi wa mwalo husika. Nakala ya ukurasa huo, ikiwa na muhuri, ina uzito kuliko kurasa nyingi za masikitiko.

Wala hilo la mawimbi kufika majini si ndoto. Mwishoni mwa miaka ya 2000, kampuni ya simu ya Zain, Ericsson watengenezaji wa mitambo, na GSMA, umoja wa kampuni za simu, kwa kushirikiana na Jumuiya ya Afrika Mashariki, walikuwa na mpango wa kuimarisha minara ya kandokando ya Ziwa Victoria ili mawimbi yafike hadi kilomita 20 ndani ya ziwa. Masafa ya chini, kama megahezi 700, 800 na 900, husafiri mbali kuliko yale ya 1800 au 2100. Aghalabu mnara huwa na antena za pande tatu, na mara nyingine zote zimeelekezwa kwenye makazi. Kuomba antena moja igeuzwe au iongezwe kuelekea ziwani ni ombi dogo na la gharama ndogo kuliko mnara mpya, na nimeona maombi ya aina hiyo yakijibiwa upesi zaidi.

Vipimo ndivyo vinavyotenganisha ombi na malalamiko. Kwenye simu nyingi za Android, ukiingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha Hali ya SIM, utaona nguvu ya mawimbi ikiwa katika tarakimu hasi. Karibu na -85 ni nzuri. Ikishuka kufikia -110, tegemea simu kukatika. Chukua daftari la mistari na uandike mahali, saa, mtandao, aina yake na tarakimu hiyo. Mstari mmoja kutoka mwalo fulani ninaoufahamu ulisomeka hivi: nyuma ya mzani wa dagaa, saa 2:15 usiku, 2G, -109, kutoa shilingi 40,000 kumekatika kabla ya namba ya siri, mteja amesubiri. Mistari kama hiyo ya wiki mbili, asubuhi na usiku, ikiwa imesainiwa na Mtendaji wa Kata, ni ushahidi ambao mhandisi anaweza kuulinganisha na vipimo vyake mwenyewe.

Tarakimu hizo zinasaidia pia kutambua tatizo la aina nyingine. Kuna mahali simu inaonyesha 4G na mawimbi yana nguvu, lakini picha haifunguki. Hapo mara nyingi shida iko kwenye njia inayobeba data kutoka mnarani hadi mkongo, ambayo kwa visiwa vingi ni mawimbi ya maikrowevu yanayovuka maji, na ikiwa nyembamba, watumiaji wakiongezeka jioni inaziba. Andika hivyo hivyo: mawimbi yapo, kasi haipo, hasa kuanzia saa 1 usiku. Ukiomba mnara wa pili mahali hapo, umeomba dawa ya ugonjwa mwingine.

Kuhusu wakati, mwaka wa fedha huanza 1 Julai na hotuba za bajeti za wizara husomwa bungeni kati ya Aprili na Juni. Barua inayofika Mei inakuta hesabu zimefungwa. Mimi hupendelea ipite kwa Mtendaji wa Kata na diwani, ifike kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kabla ya Desemba, na nakala ziende kwa Mkuu wa Wilaya, UCSAF na ofisi ya TCRA Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Masjala waombe wagonge muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, kisha uliza kumbukumbu namba. Ukirudi kufuatilia, itaje namba hiyo kwa upole. Watumishi hawa hupokea lawama kwa mambo mengi yasiyo yao, na anayewaheshimu hukumbukwa.

Mnara ukishajengwa, daftari liendelee. Huduma ikiwa mbovu, lalamika kwanza kwa kampuni yenyewe na utunze namba ya lalamiko, maana TCRA watakuuliza kama ulianzia huko. Kampuni isipokutatulia, ndipo uende TCRA na namba hiyo pamoja na vipimo vyako, na asiyeridhika na uamuzi wa TCRA bado anaweza kukata rufaa kwenye Baraza la Ushindani.