Wiki Mbili Zimetoka Wapi?

Nimeolewa wiki sita zilizopita, kliniki wameandika mimba ya wiki nane. Mama mkwe ameiona kadi, na tangu hapo hanisemeshi vizuri. (Langoni, Lamu)

Mwanangu, mpe asome mwenyewe. Wiki za mimba hazihesabiwi tangu usiku wa harusi. Huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, maana hiyo ndiyo tarehe mwanamke anayoikumbuka. Mwenye mzunguko wa siku 28, yai lake hutoka kama siku ya 14. Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo ziko kwenye kadi, mimba yenyewe haipo. Nane toa mbili ni sita. Mama mkwe naye alihesabiwa hivyo hivyo, kama hakumbuki.

Na ndani ya hizo sita kumefanyika mengi. Yai na mbegu vilikutana kwenye mrija wa uzazi. Siku ya tano kikawa kijipira chenye uwazi ndani, kiasi cha chembe ya mchanga laini wa Shela. Kati ya siku ya 6 na ya 10 kikajishika kwenye ukuta wa mji wa mimba. Moyo huanza kupiga karibu siku ya 22, basi wa mwanao unapiga sasa, huku nyinyi mmenuniana jikoni.

Siku zangu zilipochelewa nilipima mkojo, mstari mmoja. Baada ya siku nne ikaja miwili, wa pili hafifu. Nisadiki kipi? (Shela)

Cha pili. Kipimo hutafuta homoni ya hCG, ambayo hutolewa na chembe zitakazokuwa kondo la nyuma, tena baada ya mimba kujishika. Mwanzoni huwa kidogo mno, kisha huongezeka maradufu kila siku mbili au tatu. Kazi yake ni kukiamrisha kifuko kilichotoa yai kiendelee kutoa projesteroni, homoni inayoutunza ukuta wa mji wa mimba, la sivyo ukuta hubomoka na hedhi hushuka. Kuanzia wiki ya 7 hadi ya 10 kondo huishika kazi hiyo lenyewe. Rudia kupima alfajiri, kabla ya chai. Ukiumwa tumbo upande mmoja au ukitokwa na damu, usingoje boti ya kesho: huenda mimba imekaa kwenye mrija.

Harufu ya samaki ilikuwa ikinitoa chumbani mbio. Niko wiki ya 13, kichefuchefu kimekoma ghafla. Mtoto yu hai? (Faza)

Kwa wengi hukoma wakati huo, dada. Zamani lawama yote ilibebeshwa hCG, ambayo hufika kilele karibu wiki ya 10 kisha hushuka. Utafiti wa 2023 umeonyesha homoni nyingine, GDF15, itokayo kwa mtoto na kondo. Aliyekuwa nayo kidogo kabla ya mimba ndiye huteseka zaidi. Si uvivu, wala si deko. Pasipo damu wala maumivu, kula samaki wako, na kliniki usikose.

Mke wangu huvificha vidonge vya kliniki chini ya godoro. Vina haja kweli? (Mkomani)

Vina haja, kaka. Vina chuma cha kuongeza damu na asidi ya foliki. Foliki husaidia kujifunga kwa mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto, nao hujifunga kufikia siku ya 28 baada ya mimba kutunga, wengi wakiwa ndio kwanza wanajua; ndiyo sababu mikrogramu 400 za foliki kwa siku huanzwa hata kabla ya mimba. Chuma bado anakihitaji. Kama humchafua tumbo, ameze usiku baada ya chakula, kwa maji ya ndimu. Kwa chai asimeze, huzuia chuma.