Anza na Kiasi Utakachoweza Kukila Mwenyewe

Mkate wa kumimina, ule wa rojo la mchele na nazi, una dakika moja mbaya. Chini umeshaiva, pembeni umeanza kushika rangi, lakini juu bado ni rojo. Hapo unatakiwa ushike sufuria kwa matambara mawili, uipindue na kuifudikiza juu ya makaa ili uso nao uive. Ukiharakisha, rojo linamwagika motoni. Ukiwa umepaka mafuta mengi, mkate wote unachomoka. Mama yangu hupindua huku anapiga soga na jirani dirishani. Mimi, mwanamke wa miaka 38 mwenye stashahada ya uhasibu, siku ya kwanza ya biashara yangu nilisimama mbele ya jiko na matambara mkononi, mkono haunyanyuki.

Nilipopindua, mkate ukaangukia makaani.

Nikirudi nyuma kidogo: nilifanya kazi miaka tisa katika ofisi moja hapa Tanga, mpaka ilipopunguza watu. Nikakaa nyumbani, Ngamiani, miezi kumi na moja nikipanga kufungua duka la mikate. Nasema nikipanga kwa maana halisi ya neno. Nilikuwa na daftari. Ndani yake kulikuwa na jina la duka, rangi ya kuta, oveni ya gesi, friji, kabati la kioo, na mahali pa kuombea mkopo. Jumla ilifika milioni sita na ushei. Kila nilipomaliza kujumlisha nilijisikia nimefanya kazi ya maana. Kumbe ile milioni sita ilikuwa kinga yangu: madhali sina, hakuna atakayeonja mkate wangu akasema haufai.

Juzi binti wa dada yangu, fundi wa kushona, ameniuliza: "Mama mdogo, wewe ulipata wapi ujasiri?" Nimemjibu kwamba sikuupata popote, nilipunguza kiasi. Akadhani nafanya mzaha.

Ilikuwa hivi. Jioni moja mama, baada ya kunisikiliza nikisoma hesabu za oveni kwa mara ya ishirini, aliniambia, "Loweka nusu kilo ya mchele. Ukiharibika tutakula sisi." Basi. Nusu kilo ya mchele, nazi mbili, sukari robo, hamira, iliki, na mkaa kidogo. Havikufika elfu nne. Vilikuwa elfu tatu na mia nane, nimeandika. Nilitafuta sababu ya kukataa nikaikosa. Milioni sita inaleta hoja nyingi za kuogopa. Nusu kilo ya mchele haileti, kwa sababu mwisho wake mbaya kabisa ni chai na mkate ulioungua kidogo.

Mkate mmoja ulikwenda na makaa. Wa pili ulitoka, nikaukata vipande vinane, nikaupanga kwenye sinia, nikafunika kawa, nikakaa barazani asubuhi wakati watu wa baiskeli wanapita kwenda kazini. Mia tano kwa kipande. Vilitoka vitano. Nilikula hasara ya elfu moja na mia tatu, na sehemu yake niliila kweli, vipande vitatu, kwa chai ya tangawizi.

Haba na haba nimeisikia tangu darasa la pili. Hakuna aliyewahi kuniambia kuwa haba ya kwanza ndiyo yenye aibu. Kwetu hapa barazani ni mahali pa wazi, na mtu aliyezoea kukuona na mkoba wa ofisi anakuona sasa na kawa. Sasa, siku chache kabla, nilijiuliza swali ambalo nakushauri nawe ujiulize, na ujibu kwa majina: namwogopa nani hasa? "Watu" si jibu. Nilipolazimika kutaja walipatikana watatu tu. Mmoja ni shemeji anayekaa Dar, ambaye Idi mbili zimepita hajakanyaga Tanga. Wa pili ni mwenzangu wa ofisini. Wa tatu ni bibi wa nyumba ya pili, ambaye ulimi wake unajulikana mpaka Makorora.

Bibi ndiye aliyekuwa mteja wangu wa kwanza. Akatafuna, akanyamaza, kisha: "Mwanangu, unauza mkate au unauza manukato? Punguza iliki." Alikuwa sahihi, nikapunguza. Yule mwenzangu alipita wiki ya pili. Nilikuwa nimejiandalia majibu ya miezi kumi na moja kwa dhihaka yake, naye akaniuliza kama nina chenji ya elfu tano.

Kuna jambo nimechelewa kujifunza, na lilinigharimu zaidi ya ule mkate wa makaani. Msimu wa kipupwe, Julai, rojo liligoma kuumuka. Asubuhi ya kwanza, ya pili, ya tatu, lipo vilevile kama uji uliopoa. Mimi nikaandika kwenye daftari: sina mkono wa kupika. Mama akalisoma, akacheka, akachukua kikombe cha maji vuguvugu, akatia sukari kidogo na hamira yangu, akaniambia tusubiri dakika kumi. Halikutoka povu hata moja. Hamira ilikuwa imekufa, kopo lilikaa wazi. Tukanunua nyingine na kulisogeza bakuli karibu na jiko kwa sababu ya baridi, likaumuka mpaka likatoa kifuniko.

Wasiwasi wa kutojiamini una tabia hiyo: kosa la hamira unalihamishia kwenye nafsi. Tangu siku hiyo daftari langu halina ruhusa ya kuandika lolote juu yangu. Linaandika mchele, maji, saa ya kuloweka, hali ya hewa, vipande vilivyobaki. Wahamasishaji watakwambia ujisemeshe maneno mazuri kwenye kioo kila asubuhi. Huenda inawafaa wengine. Mimi kioo hakijawahi kuniambia hamira imekufa.

Nitaje na madeni, upesi tu, maana hili linaua wengi wanaoanza kidogo. Mwezi wa kwanza usimkopeshe mtu, hata shoga yako. Kiasi kidogo hakina mahali pa kujificha. Vipande vitatu vya mkopo kati ya kumi na sita ni zaidi ya theluthi ya faida ya siku.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alifanya kazi kwenye korona, yaani mtambo wa kuchakata mkonge, katika shamba upande wa Muheza, na alipenda sana hadithi moja. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Wapo wanaosimulia kwamba ilifichwa ndani ya mamba aliyekaushwa. Baba aliisimulia hivyo pia, kwa raha zake. Ilipofika Tanga, iliyokuwa hai ni 62. Hiyo 62 ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani, na miaka ya sitini nchi hii ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka, ikiongoza duniani. Baba hakuisimulia ili kumsifu Mjerumani. Utajiri ule manamba, vibarua wa mashambani, waliukata kwa migongo yao, na yeye alijua. Alichopenda ni hesabu: "Waliokufa 938, na bado walichimba mashimo ya hao 62." Nadhani ndiyo maana sikulia sana juu ya mkate mmoja.

Ila niseme na upande wa pili, kwa sababu ushauri wa "anza kidogo" una shimo lake, nami nilitumbukia. Baada ya kuzoea nusu kilo nilikaa hapo hapo miezi minane. Sinia lilikuwa linaisha saa mbili na nusu asubuhi, watu wanarudi mikono mitupu, mimi najiita mwenye subira. Haikuwa subira. Nilikuwa nimegeuza udogo kuwa chumba kingine cha kujifichia, kama ile milioni sita. Kilichonitoa ni Ramadhani: maombi ya futari yalikuwa mengi, nikaongeza jiko la pili na kufika kilo mbili. Siku ya nne niliunguza. Tulikula sisi, na jirani.

Yule binti wa dada nimemwambia aache kwanza habari ya kukodi fremu ya duka. Ashone foronya mbili kwa vitambaa alivyo navyo, zisiponunuliwa atazilalia. Bado ananijibu kwa vicheko vya simu.

Nami wiki hii amekuja mama mmoja wa Chumbageni mwenye harusi, anataka mikate hamsini. Nimemwambia ishirini. Majiko ninayo mawili, usiku ni mmoja, hesabu inakubali ishirini na tano, labda thelathini nikimwomba mama asimamie jiko moja. Kwa hiyo tano hadi kumi ni woga. Amesema atapita kesho jioni baada ya magharibi kunibembeleza tena, na mchele, ikibidi, lazima uwe kwenye maji kabla sijalala.