Beba ladha, shibe utaikuta huko: vyakula vya nyumbani na forodha ya Ujerumani

Kila inapokaribia Oktoba, muhula wa vyuo unapotaka kuanza, wanaokuja Ujerumani kusoma huniuliza swali moja kabla hata ya kuuliza habari za chumba: "Dada, dagaa wanaruhusiwa?" Wanaruhusiwa, tena kwa kiasi kikubwa kuliko unavyodhani. Vinavyokataliwa ni vile ambavyo wengi huvifunga bila wasiwasi wowote, kisha hushangaa uwanjani. Kwa hiyo nianze na hivyo. Na kwa kuwa Ujerumani inafuata kanuni za Umoja wa Ulaya katika jambo hili, anayeshukia Amsterdam, Brussels au Paris naye asome.

Nyama usibebe, na hakuna cha kusema ni kidogo tu. Kuku wa kuchoma uliofungiwa na shangazi, nyama iliyokaushwa, soseji, sambusa za nyama, hata nyama ya kopo yenye nembo ya kiwanda, vyote vinachukuliwa na kuteketezwa. Maziwa ni hivyohivyo: mgando, siagi, jibini na samli. Samli ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu mtu akiiona imeganda kwenye chupa huihesabu kuwa mafuta tu, kama mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi yatapita. Samli imetoka kwa ng'ombe, basi itabaki uwanjani. Mwenye mtoto mchanga anaruhusiwa maziwa ya unga ya mtoto hadi kilo 2, yawe kwenye kopo la kiwandani ambalo halijafunguliwa, na yawe ya aina isiyohitaji friji.

Nawasikia watu wakisema huu ni ubaguzi dhidi ya chakula chetu. Mimi sikubaliani nao. Mwaka 2001 Uingereza ilipigwa na ugonjwa wa miguu na midomo, wakauawa mifugo zaidi ya milioni 6, na chanzo kilichoshukiwa ni nguruwe waliolishwa makombo yasiyopikwa ambayo ndani yake kulikuwa na nyama iliyoingizwa kinyemela. Januari 2025 ugonjwa huohuo ulionekana kwa nyati wa kufugwa katika jimbo la Brandenburg, jirani na Berlin. Ujerumani haikuwa imeuona tangu 1988, na ndani ya siku chache nchi kadhaa zilisimamisha kununua nyama yake. Homa ya nguruwe ya Afrika nayo, ambayo ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, iliingia Ujerumani mwaka 2020 kupitia nguruwe pori. Haimwambukizi binadamu, ila virusi vyake vinaweza kukaa muda mrefu ndani ya soseji au nyama iliyokaushwa, na kipande kilichotupwa porini kinatosha. Ukilijua hilo, hutamwona afisa anayefungua begi lako kuwa ni mchawi.

Sasa dagaa. Samaki na mazao ya samaki unaruhusiwa hadi kilo 20 kwa msafiri, au samaki mmoja hata akizidi uzito huo. Akiwa mbichi lazima awe ametolewa matumbo, lakini mbichi wa nini katika safari ya kupitia Addis Ababa au Doha? Chukua wakavu: dagaa wa Kigoma, dagaa wa Mwanza, ng'onda, kamba wakavu, sato au kambale wa kuvuta. Wa Kigoma ni ghali zaidi, lakini kwa safari ya ndege ningelipa tofauti hiyo, maana hawana mchanga mwingi na hawavunjikivunjiki. Wa Mwanza wapembue nyumbani kabisa, uwaanike tena kwenye jua kali, wapoe ndipo ufunge. Ukifunga wakiwa na joto, unyevu utajikusanya ndani ya mfuko na utafika na uvundo.

Kufunga kwenyewe kunataka subira. Mfuko mzito wa plastiki uliotolewa hewa, ndani ya mfuko wa pili, ndani ya ndoo ndogo yenye mfuniko unaokaza, na mfuniko uzungushiwe utepe wa gundi. Usitegemee gazeti. Koti lako la baridi, ambalo utalivaa mpaka Machi, usiliweke begi moja na dagaa.

Wa pwani nawaonya juu ya papa mkavu. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, uliongeza mwaka 2022 ukoo mzima wa papa ambao ndani yake wamo wengi wanaouzwa katika masoko yetu. Papa wa aina hiyo anataka kibali, na akishakatwa vipande na kutiwa chumvi hakuna afisa atakayekaa kubishana nawe ni wa ukoo gani. Mwache papa nyumbani, umle kwa nazi siku ukirudi likizo.

(Ukishafika nao salama, kumbuka kwamba vyumba vya kulala Ujerumani vina kengele ya moshi darini kwa mujibu wa sheria. Kaanga jikoni, mlango umefungwa na dirisha liko wazi. Majirani wa bweni watazoea, au watakuomba waonje.)

Matunda na mboga mbichi vina kanuni inayoshangaza. Tangu Desemba 2019, karibu kila tunda, mboga au jani bichi linaloingia Umoja wa Ulaya, hata moja mkononi, linatakiwa kuwa na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi linakotoka. Cheti hicho hutolewa na mamlaka ya afya ya mimea: Tanzania ni TPHPA, Kenya ni KEPHIS. Yamesamehewa matunda matano tu: ndizi, nazi, mananasi, tende na doriani. Kwa hiyo Mhaya au Mganda anaweza kuja na ndizi zake mbichi za kupika bila karatasi yoyote, na wa pwani akaja na nazi. Doriani la Unguja linaruhusiwa na sheria, ila sidhani kama utapata ndege itakayokupakia nalo, na abiria wenzako nawaonea huruma mapema. Embe, ndimu, pilipili mbichi, tangawizi mbichi, mchicha na kisamvu havimo katika msamaha huo. Viazi mviringo kutoka kwetu ni marufuku, hata ukija na cheti.

Embe linawauma watu kuliko yote. Lakini kuna nzi wa matunda aliyetoka Asia na kuonekana kwa mara ya kwanza barani Afrika katika pwani ya Kenya mwaka 2003, akasambaa hadi kwenye miembe ya nchi nyingi. Hutaga mayai ndani ya tunda, nje huoni kitu. Kwa sababu yake Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya kuanzia 2014, ikarudi sokoni 2021 baada ya kazi ya kutenga maeneo yasiyo na nzi huyo. Kama wakulima na wafanyabiashara wenye makontena walisubiri miaka hiyo yote, afisa hatakuruhusu kwa sababu embe lako limetoka kwa bibi. Achari ya embe au embe lililokaushwa ndiyo njia.

Na mbegu. Wengi hufunga kijipakiti cha mbegu za mchicha au mnavu, wapande kwenye ndoo roshani. Mbegu za kupanda nazo zinataka cheti, hata kama ni kijiko kimoja. Wenye bustani walioko hapa watakugawia zao ukiulizia.

Vitu vikavu ndivyo vya kujazia begi, na hapa sina maneno mengi. Iliki, karafuu, mdalasini, binzari nyembamba, pilipili manga ya Zanzibar, majani ya chai, kahawa, korosho zilizobanguliwa na kukaangwa, karanga za kukaanga, unga wa ubuyu, ukwaju, mlenda uliokaushwa na kusagwa, mchaichai mkavu, visheti, kashata. Asali ya Tabora hadi kilo 2, na iwe kwenye begi la kupakiwa, kwa sababu kwenye mkoba wa mkononi inahesabiwa kuwa kimiminika na mwisho ni mililita 100 kwa chombo. Achari na mafuta ya nazi hali kadhalika. Kila mfuko wa unga au viungo uandike nje kwa Kiingereza ni kitu gani. Unga mweupe usio na jina ndani ya mfuko wa nailoni utafunguliwa, utachomwa kisu, utapimwa, na wewe utakuwa umekaa pembeni ukiangalia saa ya treni. Vilivyofungwa kiwandani vina nafuu hapo. Senene waliokaangwa usiwafanye siri: ni wa jamii ya wanyama, watangaze na uulize.

Unga wa sembe achana nao. Kilo 5 za sembe ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya begi la kilo 23, na katika mji wowote wa chuo wenye ukubwa wa kawaida kuna duka la vyakula vya Kiafrika, ambalo hata Wajerumani wenyewe huliita Afroshop. Humo utakuta unga mweupe wa mahindi, muhogo, ndizi za kupika, bamia, mawese, maharage, na kisamvu kilichogandishwa. Mchele mzuri na dengu viko kwenye maduka ya Wahindi na Waturuki. Usichokipata kirahisi ni dagaa wenye ladha ya kwetu, chai yetu, ubuyu, na viungo vyenye harufu kali kama vilivyotoka soko la Darajani, Zanzibar. Mimi nikifunga begi, kila kitu kinajibu swali moja: shibe au ladha? Shibe inabaki Tanzania.

Ukifika, chukua begi lako kisha utakutana na njia mbili, ya kijani kwa asiye na cha kutangaza na nyekundu kwa aliye nacho. Kupita kijani ni tamko la kisheria hata kama hukufungua mdomo. Kama una kitu chenye shaka, pita nyekundu, kionyeshe, uliza. Cha marufuku kitachukuliwa, ila utakuwa umetangaza mwenyewe, na hiyo ni hali tofauti kabisa na ya aliyekutwa amekificha. Ukiwa unaunganisha ndege ndani ya Ulaya, kwa mfano Amsterdam kisha Hamburg, mkoba wa mkononi hukaguliwa na forodha ya uwanja wa kwanza, na begi lililopakiwa hukaguliwa unakoishia. Wapo wanaodhani wameshavuka Amsterdam, mambo yamekwisha.

Kuna kitu kinanitia hofu kuliko samli, nacho ni vifurushi vya watu. Siku mbili kabla ya safari simu zitaanza: mpelekee binamu yangu kamfuko haka, si kazito. Fungua mbele ya aliyeleta, kila mfuko, mpaka chini. Ukiona aibu kumwambia mkubwa, mwombe mama akusemee. Kwa wanaotoka Kenya nasema wazi: miraa, ambayo Meru huuzwa hadharani, Ujerumani ni dawa ya kulevya kwa mujibu wa sheria, na Uingereza imeipiga marufuku tangu 2014. Begi likiwa na jina lako, kilichomo ni chako.

Anayekwenda Marekani asitumie orodha hii. Kule fomu na maswali ni ya kwao, na kosa kubwa ni kutotangaza: faini ya kawaida kwa msafiri anayekutwa mara ya kwanza na chakula cha mmea au mnyama ambacho hakukitaja ni dola 300.

Vilivyobaki vinaweza kufuata kwa posta, ila kanuni za nyama, maziwa na mbegu zinaifuata barua pia. Zawadi kutoka kwa mtu binafsi kwenda kwa mtu binafsi haitozwi ushuru kama thamani haizidi euro 45. Mwambie anayetuma ajaze karatasi ya forodha kwa ukweli, kitu kwa kitu, na bei halisi. Akiandika "chakula" peke yake, kifurushi kitakaa kwenye ofisi ya forodha na utaitwa wewe ukakieleze kwa Kijerumani.