Kuongezewa mita 400 za bomba kwa maagizo ya mdomo

Ndugu mkandarasi, nimekuelewa: umesaini mkataba wa serikali wa kupeleka bomba la maji kilomita mbili hadi kitongojini, na sasa msimamizi anakuomba kwa mdomo uongeze mita 400 zifike zahanati, akiahidi kwamba malipo yatarekebishwa baadaye.

Usichimbe nyongeza hiyo kabla hujapata maagizo ya maandishi kutoka kwa meneja wa mradi aliyetajwa katika mkataba, kwa sababu kazi ya ziada hubadilisha bei, na mabadiliko hayo yanahitaji idhini ya taasisi nunuzi, yaani ofisi ya serikali iliyokupa kazi, na fedha zilizotengwa. Mwandikie barua leo ukirejea mazungumzo yenu na namba ya zabuni iliyopo katika NeST, mfumo wa serikali ya Tanzania wa manunuzi kwa mtandao, utaje urefu, kipenyo cha bomba na bei, kisha ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Mimi niliwahi kuamini neno la mdomo. Mtaro ukafukiwa, msimamizi akahamishwa, na aliyechukua nafasi yake akaniuliza karatasi iko wapi.

Kama umeshachimba, wewe na msimamizi pimeni kwa pamoja, kisha mlijaribu bomba kwa presha kabla ya kufukia, na kila upande usaini. Omba pia muda wa ziada, jambo ambalo wengi husahau hadi wanapokatwa fidia ya ucheleweshaji.

Wakikataa kuandika, muone mkadiriaji majenzi (mtaalamu wa gharama za ujenzi) au wakili mapema, kwani mikataba mingi huweka ukomo wa siku za kutoa taarifa ya madai.