Maswali na majibu: kufunga maisha ughaibuni na kushika njia peke yako

Maswali tuliyopata safari hii yametoka kwa watu walio karibu kumaliza mkataba, kurudisha funguo za nyumba na kusafiri peke yao kwa miezi kadhaa kabla ya kurudi Afrika Mashariki, au kabla ya kuamua watatua wapi. Mengi yanauliza kitu kilekile kwa sura tofauti: nini kitangulie nini. Ni swali la maana, kwa sababu makosa mengi ya safari hizi hufanyika wiki za mwisho kabla ya kuondoka.

Nimefanya kazi hotelini Dubai miaka 7 na sitaki kuongeza mkataba. Kiinua mgongo kinapigwaje hesabu, na nini huwakwamisha watu uwanja wa ndege? (Msomaji, Dubai)

Hesabu inapigwa juu ya mshahara wa msingi peke yake. Posho ya nyumba na ya usafiri hazimo, na hapo ndipo wengi huvunjika moyo wakiona tarakimu. Kwa miaka 5 ya kwanza unalipwa mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka, na kuanzia mwaka wa 6 ni siku 30. Tuseme msingi wako ni dirham 2,400 kwa mwezi. Gawa kwa 30, unapata 80 kwa siku. Miaka 5 kwa siku 21 ni siku 105, miaka 2 kwa siku 30 ni siku 60. Jumla siku 165, mara 80, ni dirham 13,200. Juu yake weka malipo ya siku za likizo ambazo hukuzichukua. Mwajiri anatakiwa kumaliza kukulipa ndani ya siku 14 tangu mkataba uishe. Wafanyakazi wa majumbani wana sheria yao, kwa hiyo wasitumie hesabu hii.

Utaletewa karatasi ya kutia sahihi kwamba umeshapokea haki zako zote. Isome, ilinganishe na hesabu yako, na usiisaini kabla pesa haijaonekana kwenye akaunti. Ukishasaini, kudai kilichobaki kunakuwa kazi ngumu hata kama haki ni yako.

Kinachowakwamisha watu uwanjani mara nyingi ni deni: mkopo wa benki, kadi ya benki iliyosahaulika, wakati mwingine mkataba wa simu. Benki ikiwa imefungua shauri, unaweza kuwekewa zuio la kusafiri usilolijua mpaka ufike kwenye dirisha la pasipoti. Lipa, kisha omba barua ya benki inayosema hudaiwi, uitunze hata baada ya kuondoka. Pesa yako ihamishe mapema, kwa kuwa benki ikijua ajira imekwisha au viza imefutwa inaweza kuifunga akaunti kwa muda. Viza ikishafutwa, soma tarehe ya mwisho ya kuondoka kwenye karatasi yenyewe. Usitegemee muda aliopewa mwenzako, maana muda hutofautiana kwa aina ya kibali.

Nina kibali cha kudumu cha Ujerumani na pasipoti ya Tanzania. Nikizunguka miezi 9 nitakipoteza? (Msomaji, Hamburg)

Ndiyo, usipochukua hatua kabla ya kuondoka. Kibali cha kudumu cha kawaida, Niederlassungserlaubnis, hufa chenyewe ukikaa nje zaidi ya miezi 6. Hakuna barua utakayotumiwa. Utagundua siku unarudi. Andika kwa ofisi ya wageni ya jiji lako, eleza safari na tarehe ya kurudi, uombe muda mrefu zaidi, na usiondoke kabla hujapata jibu la maandishi.

Hapo kuna mtego. Wengi wakiondoka hujifuta kwenye daftari la wakazi, kinachoitwa Abmeldung, ili waache kulipa michango na bima. Ukijifuta huku unataka kibali kibaki, umewapa ushahidi kwamba umehama. Kwa hiyo amua kwanza: unasafiri au unahama? Anayehama ajifute, atoe notisi ya nyumba ya miezi 3, na adai amana yake. Anayerudi azungumze na ofisi kabla ya kugusa daftari.

Anayehama moja kwa moja anaweza pia kudai michango ya pensheni. Kama umechangia chini ya miezi 60 na wewe si raia wa Umoja wa Ulaya, kwa kawaida unaweza kuomba urudishiwe sehemu yako baada ya kukaa nje ya Umoja huo miezi 24. Sehemu ya mwajiri hairudi. Ukiwa na miezi 60 au zaidi, michango inaweza kukaa hadi umri wa kustaafu, na hilo si hasara.

Kwa walio kwingine: ukaazi wa kudumu wa Uingereza hupotea ukikaa nje miaka 2 mfululizo. Mwenye kadi ya kijani ya Marekani anayetarajia kukaa nje mwaka mzima au zaidi anahitaji kibali cha kurejea, na fomu yake, I-131, huwasilishwa mtu akiwa bado ndani ya Marekani. Ukiikumbuka ukiwa Lusaka umechelewa.

Na kibali kikiwa bado hai, kitumie. Mexico, kwa mfano, humruhusu mwenye ukaazi wa kudumu wa nchi za Schengen, Uingereza, Marekani au Canada aingie bila viza, hata kama pasipoti yake ya Kitanzania au Kikenya ingehitaji viza. Nchi za namna hiyo zitangulie kwenye ratiba. Zile unazoingia kwa pasipoti yako tu zingoje mwisho.

Nataka kuruka kutoka Manchester hadi Cape Town, nipande kwa barabara mpaka Dar es Salaam. Nina pasipoti ya Tanzania. Viza, njia, na wapi nitakwama? (Msomaji, Manchester)

Umechagua njia nzuri kwa pasipoti hiyo. Afrika Kusini, Botswana, Zimbabwe, Zambia na Malawi zote zinakupokea bila viza kwa matembezi. Mwenye pasipoti ya Kenya naye anaingia Afrika Kusini bila viza tangu Januari 2023, hadi siku 90 kwa mwaka.

Utakwama kwanza Manchester, kwenye kaunta ya ndege. Ukiwa na tiketi ya kwenda tu, wahudumu watauliza utatokaje Afrika Kusini, na wanaweza kukukatalia kupanda. Tiketi ya basi ya Johannesburg kwenda Gaborone iliyolipiwa na kuchapishwa, pamoja na taarifa ya benki ya miezi 3, kwa kawaida hutosha. Pasipoti iwe na kurasa tupu za kutosha. Kama inakaribia kuisha, iombe upya ubalozini ukiwa bado na anwani Uingereza, maana pasipoti ya kielektroniki inataka ufike mwenyewe kwa alama za vidole.

Afisa akishagonga muhuri, usiondoke dirishani kabla hujasoma tarehe. Anaweza kukupa siku chache kuliko 90. Ukizidisha muda Afrika Kusini, hata kwa siku moja, unaweza kupigwa marufuku kuingia kwa miezi 12, na ukipitisha siku 30 marufuku ni miaka 5. Kulipa faini ukapita haipo.

Kutoka Cape Town hadi Johannesburg ni kama kilomita 1,400. Chagua basi linalofika mchana, kwa sababu eneo la Park Station, kituo cha mabasi na treni cha Johannesburg, si la kutembea na begi usiku. Kutoka hapo wengi hufuata Beitbridge kuingia Zimbabwe. Sisi tungekushauri upite Botswana: Gaborone, Francistown, Kasane, kisha daraja la Kazungula. Daraja hilo lenye urefu wa mita 923 lilifunguliwa Mei 2021, nchi mbili zinahudumia abiria kwenye jengo moja, na msongamano si kama wa Beitbridge. Ukivuka uko Zambia, Livingstone haiko mbali, na Maporomoko ya Victoria yapo hapo.

Livingstone hadi Lusaka ni kama kilomita 470, na Lusaka hadi Nakonde mpakani ni kama 1,000. Kwa treni ya TAZARA kutoka New Kapiri Mposhi ni kilomita 1,860 mpaka Dar, na ni safari inayostahili kufanywa, lakini huduma ya abiria imekuwa ikisimama na kurudi. Usijenge ratiba juu yake. Uliza TAZARA wenyewe wiki hiyohiyo, uwe na nauli ya basi pembeni.

Nakonde na Tunduma zinagusana, ila saa hazilingani: Tanzania iko mbele kwa saa moja. Ukivuka saa tisa alasiri kwa saa ya Zambia, Tunduma tayari ni saa kumi, na umebakiwa na muda mfupi wa kupata gari la Mbeya kabla ya giza. Vuka asubuhi. Wabadilisha fedha watakufuata mpaka mlangoni. Mchezo wao wa kawaida ni kukuhesabia noti, kuzichukua tena kwa kisingizio cha kuhakiki, kisha kukurudishia bunda lenye noti chache zilizokunjwa zihesabike mara mbili. Badilisha kiasi cha nauli na chakula tu, hesabu mwenyewe ukiwa wa mwisho kuzishika, zilizobaki peleka benki Mbeya.

Cheti cha homa ya manjano kianze kufanya kazi kabla hujasafiri: huhesabika kuanzia siku ya 10 baada ya sindano, na tangu 2016 ni cha maisha.

Nilikulia Tanga, nimeishi Toronto miaka 11. Vidonge vya malaria vya nini, mbona kinga ninayo? (Msomaji, Toronto)

Hunayo tena, dada. Kinga ya aliyekulia kwenye malaria ni ya sehemu tu, na huhitaji kuumwa na mbu mara kwa mara ili idumu. Miaka 11 ya Toronto imeimaliza. Watu kama wewe ndio huchelewa kwenda kupimwa kwa sababu wanaifahamu homa hiyo na hawaiogopi.

Muone daktari wiki kadhaa kabla ya safari. Vidonge vya atovaquone na proguanil huanzwa siku 1 au 2 kabla ya kuingia eneo la malaria, humezwa kila siku, na huendelea siku 7 baada ya kutoka. Doxycycline huanzwa vivyo hivyo lakini huendelea wiki 4 baada ya kutoka, na wengi huiacha mapema. Vinunue Canada, dawa bandia zipo kwenye maduka ya njiani.

Ukipata homa, pima siku hiyohiyo, hata kama unameza vidonge. Ukiandikiwa dawa mseto ya artemether na lumefantrine, dozi ya kawaida ya mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku 3: 4 kwa mkupuo, wa pili saa 8 baada ya wa kwanza, kisha asubuhi na jioni. Meza pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, la sivyo mwili hauichukui vizuri. Siku ya pili utajisikia mzima. Maliza zote.

Mimi ni mwanamke, nitakuwa peke yangu. Nijilindeje? (Msomaji, Muscat)

Panga kila safari ufike kabla ya saa kumi jioni, na usiku 2 wa kwanza wa kila mji uwe umelipiwa. Kwenye basi kaa mbele, karibu na dereva. Usipokee chakula wala kinywaji kilichofunguliwa, hata kutoka kwa mama mwenye watoto. Kutiliwa dawa ya kulevya namna hiyo, huko Nairobi wanaita kuwekewa mchele, na abiria huamka mfuko mtupu. Mapokezi wakitaja namba ya chumba kwa sauti mbele ya watu, omba chumba kingine.

Chagua mtu mmoja, si kundi la WhatsApp la ukoo, na mkubaliane saa ya kumjulisha kila siku. Mkubaliane pia atafanya nini saa 24 zikipita kimya: ampigie nani kwanza, nakala ya pasipoti iko wapi, namba ya bima ni ipi. Bila hilo la pili, ataanza kutafuta wapi?

Bima yenyewe isome kabla ya kulipa. Nyingi hudai uwe na tiketi ya kurudi nchi unayoishi, na anayehama hana. Tafuta inayokubali safari ya kwenda tu, inunue kabla ya kuondoka, na uangalie inasemaje kuhusu bodaboda. Nyingine hazilipi kama hukuvaa helmeti.

Nitume kontena kwanza au nisafiri kwanza? (Msomaji, Birmingham)

Safiri kwanza. Msamaha wa ushuru wa vyombo vya nyumbani chini ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 unamfuata mtu anayehamia, na mzigo hutarajiwa ndani ya siku 90 tangu afike. Kontena likitangulia miezi 8, linakaa bandarini likila storeji huku mwenyewe yuko Livingstone. Liweke ghala Uingereza, lipakiwe ukiwa unakaribia kufika. Gari moja linasamehewa ikiwa umelimiliki na kulitumia huko angalau miezi 12, kwa hiyo usilinunue mwezi wa mwisho. Kwa Kenya lisizidi miaka 8 na usukani uwe kulia.

Nyumbani wakijua nimelipwa haki zangu, hazitafika mwisho wa safari. (Msomaji, Doha)

Gawanya kabla hujatangaza. Fungu la kwanza ni la kuanzia maisha ukirudi: liweke akaunti ya muda maalum ambayo hata wewe huwezi kuigusa. La pili ni tiketi ya dharura ya kurudi pamoja na matumizi ya mwezi mmoja. La tatu ni la nyumbani: panga kiasi cha kila mwezi, kitoke chenyewe tarehe ileile, na waambie wazee kiasi hicho mapema ili nao wapange. Kinachobaki ndicho cha safari, na ndicho kinachoamua utazunguka miezi mingapi.

Halafu laini ya simu. Benki yako itatuma namba za siri kwenye laini ya Qatar. Kabla ya kuondoka, ihakikishie benki namba itakayobaki hai, jaribu kupokea ujumbe mmoja wa benki juu yake, na beba kadi 2 za benki tofauti, moja mwilini, moja chini ya begi.