Gari limetoka kwa fundi springi, sasa linatetema: maswali ya madereva wa Kusini

Njia zikishakauka na watu wakiwa shambani wanapuliza salfa kwenye mikorosho, gereji za kuanzia Masasi hadi Mtwara mjini hujaa magari yanayoongezwa springi, kubadilishwa shokapu na kuwekewa spesa za kuliinua gari. Minada ya korosho ikianza Oktoba, kila mtu anataka gari lake liwe tayari kubeba. Ndiyo maana maswali ya safari hii yanafanana: gari lilikuwa zima, limeguswa springi, sasa linatetema.

Shikamoo fundi. Nina Hilux ya dizeli ya miaka ya 90. Nyuma nimeongeza jani moja la springi kila upande ili ibebe magunia. Ikiwa tupu, kuanzia spidi 60 hadi 80 sakafu inanguruma mpaka miguu inakufa ganzi. Nikipakia, inatulia. Fundi anasema ni matairi, ninunue mapya. (Masasi)

Marahaba, mwanangu. Pesa ya matairi iache mfukoni kwanza. Tairi bovu haliponi kwa kupakiwa magunia, na wewe mwenyewe umeshasema kwamba ukipakia kunatulia. Hapo umeshataja ugonjwa bila kujua.

Propela, lile bomba linalopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu (sanduku la gia la ekseli ya nyuma), inazunguka kwa krosi, yaani viungo vya kukunjika vilivyo kwenye ncha zake. Krosi ikiwa imekunjika, hata kidogo, haipeleki mzunguko kwa mwendo mmoja: katika kila mzunguko, upande wa pili unakimbia mara 2 na kuchelewa mara 2. Krosi ya nyuma imewekwa ili ifute kasoro ya ile ya mbele, na inaweza kufanya hivyo pale tu pembe zao zinapolingana. Wewe umeongeza jani, mkia wa gari umenyanyuka, pembe zimekuwa kubwa, na huenda pua ya difu nayo imegeuka. Ukipakia, springi inakaa, difu inarudi karibu na pale kiwanda kilipoiweka, na gari linanyamaza.

Kinachokufanya usikie mngurumo badala ya kurukaruka ni kasi yenyewe. Difu za pikapu hizi zina uwiano wa 4 na ushei kwa 1, yaani propela huzunguka mara 4 na ushei tairi likizunguka mara 1. Kwa spidi 80, tairi lenye mzingo wa mita 2 na robo huzunguka kama mara 10 kwa sekunde. Propela hapo inazunguka zaidi ya mara 40, na kasoro ya krosi inapiga mara 2 kwa kila mzunguko, yaani zaidi ya mapigo 80 kwa sekunde. Tairi lisilo na balansi utalihisi likitikisa. Krosi inanguruma.

Sasa upime. Simu yako inatosha, weka programu ya kupima usawa. Egesha gari mahali tambarare, likae kwa matairi yake, jeki isihusike. Futa matope na grisi. Bandika ubavu wa simu kwenye bomba la propela, uandike digrii. Kisha pima mwelekeo wa pinioni ya difu (shafti fupi ya difu inayoungana na propela), halafu wa mkia wa giaboksi. Kama propela yako ni ya vipande 2 yenye senta beringi (beringi inayoishikilia) katikati, kipande cha mbele ndicho kinachosimama badala ya giaboksi kwenye hesabu hii. Tofauti kati ya bomba na kila upande ndiyo pembe ya krosi ya upande huo. Pembe hizo 2 zisipishane zaidi ya digrii 1, na kwa gari la kukimbia lami kila moja isizidi 3. Pima gari likiwa tupu, kisha ulipakie upime tena, na namba zote mpelekee huyo fundi anayekuuzia matairi.

Kama magunia ni ya msimu tu, mimi ningelitoa jani hilo msimu ukiisha. Ukitaka libaki, namba zikionyesha pua ya difu imegeuka, kuna kabari ya chuma inayowekwa kati ya springi na hausingi (ganda la chuma lenye difu na ekseli) ili kuirudisha. Kabari ina upande mnene na upande mwembamba; ikifungwa kinyume, mngurumo utazidi ulivyokuwa. Pia inahitaji sentabolti (bolti inayofunga majani ya springi katikati) ndefu zaidi, kwa sababu kichwa cha sentabolti lazima kizame ndani ya tundu la hausingi. Kikiishia kukaa juu ya mdomo wa tundu, hausingi itateleza na gari litatembea upandeupande kama kaa. Yu-bolti zinazobana springi kwenye hausingi nazo zikazwe upya baada ya kilomita mia chache, maana majani mapya hulala na nati hulegea zenyewe.

Habari za kazi, kaka. Mimi ni mwalimu. Corolla 110 yangu niliiwekea spesa juu ya springi za mbele isigonge mawe. Nikipanda kilima cha kuingia Newala linatikisika kushoto na kulia, nikiachia mafuta linaacha. Nimepeleka alaimenti mara kadhaa bila nafuu. (Newala)

Nzuri, mwalimu. Alaimenti haitasaidia hapa. Gari lako linavutwa na magurudumu ya mbele, halina propela, ila lina shafti 2 zenye sivi, yaani viungo vinavyokunjika huku vikizunguka. Sivi ya ndani, ile ya upande wa giaboksi, ina vigurudumu 3 vinavyoteleza kwenye njia zake. Kwa miaka yote hiyo vigurudumu hivyo vimejichimbia vijishimo mahali vilipozoea kukaa. Spesa imeinua mwili wa gari, shafti zimeinama zaidi, na sasa vigurudumu vinapanda na kushuka kwenye kingo za vijishimo hivyo kila shafti inapozunguka. Ukikanyaga mafuta mzigo unakuja, gari linatikisika. Ukiachia, mzigo unaondoka.

Toa spesa, au weka nyembamba, kisha ukapande kilima kilekile. Likitulia umeshajua. Lisipotulia, sivi za ndani zimekwisha. Mwambie fundi aangalie pia raba za mkono wa chini wa tairi. Bolti zake hukazwa gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Wengi huzikaza tairi likiwa linaning'inia kwenye jeki, raba inabaki imesokotwa, na baada ya muda mfupi inachanika.

Gari linatetema na kila fundi ana lake: mmoja injini mauntini (raba zinazoshikilia injini), mwingine klachi, mwingine propela. Nitajuaje? (Tandahimba)

Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na watu. Fika spidi inayotetema, uishikilie. Kisha shuka gia moja, spidi ibaki ileile. Injini sasa inazunguka haraka zaidi, lakini propela na matairi viko vilevile. Mtetemo ukibaki kama ulivyokuwa, injini na klachi ziache, shida iko nyuma ya giaboksi. Ukibadilika pamoja na gia, rudi mbele. Na kama kinachotikisika ni usukani peke yake kwenye spidi kubwa, anza na balansi ya matairi ya mbele, lakini kwanza chungulia ndani ya rimu. Tope lililokaukia upande mmoja wa rimu linatosha kukusumbua njia nzima.

Land Cruiser yangu ilifunguliwa propela wakati wa kubadilisha bushi za springi. Imerudishwa, sasa inatetema zaidi kila spidi inavyoongezeka. Haijainuliwa hata inchi. (Nachingwea)

Muulize aliyefungua: ulipiga alama? Propela yenye sehemu ya kuteleza ikichomolewa vipande 2, inaweza kurudishwa meno yakiwa yamekosea. Ingia chini uangalie masikio yanayoshika krosi kwenye ncha za bomba. Kwa kawaida masikio ya ncha moja hutazamana sawa na ya ncha nyingine. Yakiwa yamepishana, krosi hazifutani tena. Itoe uirudishe kwa mishale ya kiwanda kama kutu haijaila.

Masikio yakiwa sawa, fungua bolti 4 za flanji ya nyuma (sahani inayofunga propela kwenye difu), zungusha propela nusu mzunguko, funga, ujaribu. Mara nyingine hilo pekee linaponya. Angalia na vile vibati vidogo vilivyochomelewa kwenye bomba: ndiyo balansi yake, na sehemu iliyobanduka kibati huacha alama ya kuchomelea. Ukikuta unga mwekundu wa kutu kwenye vikombe vya krosi, ujue imekauka grisi kitambo na nyundo ya juzi imeimalizia tu.

Nikilinyanyua nyuma, niwashe na kutia gia nione propela ikizunguka, si ndiyo rahisi? (Mikindani)

Hapana. Kwanza ni hatari, gari likishuka kwenye jeki matairi yakizunguka litaondoka na aliyelala chini yake. Pili, ukiinua kwa chasi, hausingi inaning'inia, krosi zinakunjika kuliko zinavyokunjika barabarani, na propela nzima kabisa itatetema. Gereji wanaofanya kipimo hiki huweka stendi chini ya hausingi yenyewe, na hakuna mtu anayekaa karibu na propela.

Naweza kwenda nalo Dar hivyohivyo, nitengeneze nikirudi? (Mtwara mjini)

Ni zaidi ya kilomita 500. Zima injini, weka vigingi kwenye matairi, toa gia na breki ya mkono, kisha shika propela kwa mikono 2 uisokote na kuinyanyua karibu na kila krosi. Krosi nzima haichezi hata kidogo. Ikicheza, au ukisikia mlio wa chuma kila unapoachia klachi, usitoke nalo mjini. Krosi ya mbele ikikatika ukiwa kwenye mwendo, ncha ya propela inaanguka na kuchimba lami, na hapo gari halikusikilizi tena. Krosi ni spea ya bei nafuu, na pale Mtwara fundi anaibadilisha kabla ya mchana.